Pampu Inapogeuka Mtego

Maji ya Mto Tana, nchini Kenya, hufika bwawa la Kiambere yakiwa yamekwisha pita Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma, yamesheheni bakteria wa kila aina. Palipo na bakteria hapakosi faji, yaani virusi vinavyowaua. Nalitaja bwawa kwa sababu silaha ninayoichambua ilichotwa majini vilevile: katika Dodge Pond, jimbo la Connecticut, Marekani. Humo ndimo Benjamin Chan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walimopata faji OMKO1, wakachapisha habari zake mwaka 2016. Faji huyo anapaswa kusifiwa kwa mahali anaposhika, kuliko kwa wingi wa anaowaua.

Bakteria Pseudomonas aeruginosa husumbua hospitali kwa kuwa ana pampu: dawa ikiingia, huitapika kabla haijafanya kazi. Mdomo wa nje wa pampu hiyo ni protini OprM, na hapo ndipo OMKO1 hujinatisha. Akishashika hupenyeza jeni zake ndani, na bakteria hugeuzwa karakana ya kuunda faji wapya hadi apasuke. Mtu atasema bakteria atabadilika amkwepe faji, kama alivyozikwepa dawa. Ni kweli, hubadilika. Ila njia iliyo karibu ya kumkwepa huyu ni kuivuruga pampu yenyewe, na pampu ikiharibika, dawa za ciprofloxacin na tetracycline hupata tena makali yao. Usugu mmoja unalipiwa kwa mwingine. Mgonjwa mmoja ambaye mshipa wake bandia wa aota ulivamiwa na bakteria hao alitiwa OMKO1 pamoja na dawa ya ceftazidime, na bakteria hawakuonekana tena. Mgonjwa mmoja hatoshi kuwa ushahidi, tena alifanyiwa upasuaji baadaye, lakini mantiki ya maabara haikukanushwa.

Pingamizi zito zaidi ni uteuzi: faji wa Pseudomonas hamgusi Salmonella. Zahanati ya Mbeere, jirani na Kiambere, isiyo na maabara ya kuotesha vimelea haiwezi kumgawa kama vidonge. Ndiyo maana naona Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) ya Nairobi na Chuo Kikuu cha Laval cha Kanada walichagua vyema kuanzia bandani, wakitafuta faji wa Salmonella wa kuku: adui anajulikana mapema, na bakteria wema wa utumbo husalimika. Faji wengi wa Salmonella hushika sukari za utando wake wa nje, na bakteria anayezivua ili asishikwe mara nyingi hubaki dhaifu mbele ya kinga ya kuku.