Sinema «Atalaku» na Kura Zetu



Tumetazama sinema iitwayo «Atalaku», aliyoitengeneza Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, mwaka 2013. Atalaku ni yule mpaza sauti wa orkestra, anayewachangamsha wachezaji na kuyataja majina ya wakubwa. Katika sinema hii atalaku ni pasta mmoja maskini wa Kinshasa. Siku za uchaguzi wa 2011 anamtafuta mgombea wa ubunge mwenye kulipa zaidi, kisha anampigia mbiu na kumtafutia wanamuziki wa kumwimbia.

Twaisifu kazi hii kwa kuwa haituhubirii. Inatuonyesha tu, nasi twajihukumu wenyewe. Kwanza twacheka, halafu kicheko chakwama kooni, maana mambo yale hata Likasi twayajua: kitenge, chupa ya bia, fedha kidogo mkononi. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tusemavyo.

Lakini anayeitazama sinema hii bila kujua mengine aweza kudhani kwamba kosa lote ni la maskini. Sivyo. Mwezi wa Januari 2011 Katiba ilibadilishwa, ili Rais achaguliwe kwa duru moja tu. Tarehe 28 Novemba tulichagua Rais na wabunge siku moja; wagombea wa ubunge walipita 18,000 kwa viti 500. Joseph Kabila akatangazwa mshindi kwa kura 48.95 katika mia, Étienne Tshisekedi akapewa 32.33. Kardinali Monsengwo, aliyepata kuwa Askofu Mkuu wa Kisangani hiyo hiyo, alisema kwamba matokeo yale hayapatani na ukweli wala haki. Basi yuko auzaye kura moja kwa njaa, na wako waharibuo kura za wengi hali wameshiba.

Je, sisi tu salama? Wengine husema: «Kula cha huyu, umchague yule, si dhambi.» Hatukubali. Aliyetupa kitenge hutuhesabu kuwa tumekwisha kulipwa. Akishinda, tukimdai barabara, maji na dawa, atatujibu nini? Hana deni kwetu.

Esau alikula dengu zake akashiba. Kesho yake njaa ilirudi, lakini haki yake haikurudi.

Wazazi, itazameni sinema hii pamoja na vijana wenu, mkaizungumze nyumbani kabla ya uchaguzi mwingine kufika.