MCHEZA KWAO HUTUZWA: HADHIRA, FUMBO NA JIBU KATIKA SHEREHE ZA MJI WA LAMU

Utangulizi

Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutuzwa hutajwa mara nyingi, na aghalabu huelezwa kijuujuu, kana kwamba maana yake ni kuwa mtu hupendwa zaidi kwao kuliko ugenini. Lakini methali hiyo ina nadharia nzima ya uhakiki ndani yake. Yadai kwamba mchezo hupata thamani mbele ya watu wamjuao mchezaji, wanaoelewa anachokisema na anayemsema, na ambao wana haki ya kuinuka mkekani na kumtuza, au kubaki kimya na kumnyima. Makala haya yanakusudia kuichunguza nadharia hiyo kwa kuzitazama sherehe za kila mwaka za mji wa Lamu, hususa nafasi ya ushairi ndani yake. Hoja ya msingi ni kwamba ushairi wa sherehe katika miji ya Waswahili ulihitaji watu watatu: msemaji, msemwa na mjibu. Tamasha ya jukwaani imembakisha msemaji peke yake. Upungufu huo si wa desturi tu, bali ni wa kifasihi pia, maana unaibadilisha lugha yenyewe ya shairi.

Sherehe mbili za mji mmoja

Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una mikusanyiko mikubwa miwili inayowatoa watu majumbani, wakubwa kwa wadogo. Wa kwanza ni Maulidi ya Mfungo Sita, ambayo hayatengani na jina la Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, na msikiti wa Riyadha ulioko upande wa Langoni. Wageni hufika kutoka sehemu nyingi za pwani. Msikitini husomwa maulidi ya al-Habshi, yaliyotoka Hadhramaut, na matari yakipigwa. Nje huchezwa goma, ambapo wanaume waliovaa kanzu hujipanga safu na bakora mikononi, na kirumbizi, ambapo vijana wawili wawili hupimana kwa fimbo huku nzumari ikilia.

Wa pili ni tamasha ya utamaduni, iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 21, ambayo Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalikuwa na mkono mkubwa katika kuiandaa. Humo hushindanishwa punda kwenye ukingo wa bahari na majahazi majini. Kuna waogeleaji, wacheza bao, wapaka hina na waghani mashairi. Nayo pia huwakusanya jamaa wote, na watoto hawakosi katika safu ya mbele.

Yafaa kujihadhari na kosa la kuiona ya kwanza kuwa ndiyo asili na ya pili kuwa ni uzushi. Abdul Hamid el-Zein, katika The Sacred Meadows (1974), alionyesha kwamba Maulidi yenyewe yalizuka katikati ya mvutano. Kuingiza matari katika ibada, na kuwapa nafasi watu wanyonge wa mji, wakiwemo waliokuwa watumwa, kulipingwa na baadhi ya wenye nasaba na elimu. Suala lilikuwa ni nani mwenye haki ya kumsifu Mtume hadharani, na kwa sauti ipi. Hivyo Maulidi yalipoanza yalikuwa tayari ni jibu: upande mmoja wa mji ukiujibu upande mwingine. Katika jambo hili ndiko tofauti kubwa ya sherehe hizi mbili iliko, wala si katika umri wake.

Mashindano kama utaratibu wa fasihi

Sherehe za miji ya pwani zilijengwa juu ya pande mbili. Lamu palikuwa na Mkomani na Langoni. Mombasa palikuwa na vyama vya wanawake vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Makunduchi, Unguja, katika siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa makuti ya migomba ilhali wanawake, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, huimba nyimbo za kejeli. Beni nayo, iliyochipuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kabla ya kuenea hadi bara, ilifuata utaratibu huo huo wa makundi mawili yanayotazamana.

Wanahistoria wamelishughulikia jambo hili kwa kina. T. O. Ranger, katika Dance and Society in Eastern Africa (1975), aliichukua beni kuwa ushahidi wa jinsi watu walivyoyapokea na kuyageuza mamlaka ya kikoloni. Margaret Strobel, katika Muslim Women in Mombasa (1979), aliichukua lelemama kuwa ushahidi wa nguvu za wanawake kujipanga wenyewe. Hawakukosea. Lakini kwa mwanahistoria wimbo ni hati; akishaisoma hati, humtosha. Pengo lililobaki lilipaswa kuzibwa na wahakiki wa fasihi, nao kwa sehemu kubwa walielekea upande wa pili: walilichukua shairi moja moja, wakalihesabu mizani, wakaliainisha vina, wakalichambua maudhui, na kulisahau shairi lililolijibu.

Mohamed H. Abdulaziz, katika kitabu chake juu ya Muyaka (1979), ni mfano wa njia iliyo bora. Alizifungamanisha tungo za Muyaka bin Haji na matukio ya Mombasa na Lamu ya mwanzo wa karne ya 19, hata msomaji anaelewa ni nani anayepigwa kijembe na kwa sababu gani. Hilo liliwezekana kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alipomsaidia W. E. Taylor kuzikusanya tungo hizo, hakuyahifadhi maneno matupu. Alihifadhi na habari zake. Tungo za Muyaka kuhusu Lamu zikisomwa bila habari hizo huwa ni nusu ya mazungumzo: sauti ya mtu mmoja inasikika mlangoni, na aliye ndani hasikiki.

Kuhusu hadhira, funzo kubwa limetoka nje ya uhakiki wa fasihi. Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), alichunguza taarabu ya Tanga na kueleza kitendo cha kutuza. Mtazamaji huinuka, huenda mbele na pesa mkononi, na huutoa mchango wake panapo ubeti anaoutaka. Kwa kitendo hicho ubeti huwa wake; humlenga nao mtu aliye ukumbini, na aliyelengwa hujua. Mtunzi huenda hakuwa na habari na ugomvi wao. Maana ya ubeti, basi, hukamilishwa na anayetuza. Hapa methali ya mcheza kwao inapata uzito wake: tuzo si zawadi tu, ni tafsiri.

Fumbo na jamaa wote

Waandaaji wa tamasha za siku hizi husisitiza kwamba shughuli zao zinafaa kwa baba, mama na watoto. Ni nia njema, ila aghalabu hutimizwa kwa kulichuja neno: lolote lenye ukali huondolewa ili mtoto asilisikie. Mji wa zamani ulikuwa na njia nyingine, nayo ni fumbo. Mshairi alisema juu ya chombo kilichopakia kupita kiasi, juu ya mnazi usiozaa, juu ya paka aliyezoea kitoweo cha jirani. Mtoto alisikia habari ya chombo, mnazi na paka, akacheka. Mama yake alisikia habari ya mtu wa mtaa wa pili. Msemwa alisikia jina lake. Wote walikaa uwanja mmoja, kila mmoja akachukua kiasi cha akili yake. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua; na mtoto aliyecheka mwaka huu, mwaka wa tatu aliligangua mwenyewe. Sherehe ilikuwa ni chuo cha lugha kisichokuwa na mwalimu.

Fumbo la namna hii hutegemea lahaja. Kwa Kiamu, njia ni ndia, macho ni mato, na kucheka ni kuteka. Mshairi wa Lamu asemapo watu wanateka, kisimani pana wateka maji, vitani pana wateka mateka, na barazani pana wanaocheka. Maana hizo zinakaribiana kiasi cha kumruhusu kucheza nazo katika ubeti mmoja. Akilazimika kughani kwa Kiswahili sanifu ili mgeni aliyetoka mbali amwelewe, hupata wasikilizaji wengi zaidi na hupoteza mlango huo wa kufichia. Hakuna wa kumlaumu kwa kutaka kueleweka, lakini hasara ipo.

Jukwaa linavyoigeuza lugha

Mabadiliko matatu hujitokeza shairi linapohamishwa kutoka uwanja wa pande mbili hadi jukwaa la tamasha. La kwanza ni la nafsi. Shairi la kujibizana huzungumza na wewe. La jukwaani huelekea kuzungumza juu ya jamii, vijana, au utamaduni wetu. Msemwa akiwa ni kila mtu, huwa si mtu yeyote. La pili ni la taswira. Pasipo wa kufichwa hapana haja ya fumbo, na mahali pake huchukuliwa na wasia wa wazi: tuutunze urithi, tudumishe umoja. Maneno hayo ni kweli, lakini ukweli wake hauhitaji mshairi. La tatu ni la mwisho wa shairi. Utungo wa kale ulifunga kwa kudai jibu, hata ukimya wa upande wa pili ukahesabiwa kushindwa. Utungo wa jukwaani hufunga kwa shukrani kwa wageni waalikwa, na nafasi hupewa shughuli inayofuata.

Hata kutuza kumegeuka. Jopo la waamuzi hutoa alama, na mshindi hupokea tuzo kutoka kwa mgeni wa heshima. Kwa mbio za punda huo ni utaratibu wa haki, kwani punda aliyetangulia ametangulia. Kwa shairi, haki hiyo imeondolewa kwa wanaojua linamsema nani na kupewa wanaojua mizani.

Pingamizi na majibu yake

Hoja hii yaweza kupingwa kwa njia mbili. Kwanza, itasemwa kwamba ni kutamani ya kale, na ya kale hayakuwa peponi. Ni kweli. Nyimbo za lelemama zilivunja urafiki na kuaibisha nyumba za watu. Uwanja ulikuwa na daraja za nasaba. Na wako waliosemwa bila kuwa na uwezo wa kujibu. Tamasha ya utamaduni imewapa baharia na mwenye punda heshima mbele ya mji mzima, na imewapa vijana sababu ya kujifunza kirumbizi. Hakuna anayepaswa kuomba kurudishwa kwa matusi ili apate ufundi.

Pili, itasemwa kwamba maisha ya kisasa yameua desturi ya kujibizana, na jukwaa halina kosa. Hili si kweli, na ushahidi umo Lamu kwenyewe. Katika siasa za uchaguzi za miaka ya 1970, tungo za kushambuliana zilirekodiwa katika kaseti na kusikilizwa nyumba kwa nyumba, jibu likifuata shambulio. Assibi Amidu alizichunguza katika Kimwondo (1990). Chombo cha kisasa kilitumika, na mjibu hakutoweka. Kinachomtoa mjibu, basi, si usasa bali ni mpangilio.

Jambo hili si la wapenzi wa tungo peke yao. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Kabla yake, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mji unaopitia mageuzi ya kiasi hicho unahitaji mahali pa kusemea ambapo mvuvi na mwenye cheo wanaweza kusikilizana bila kuvunjiana heshima. Fumbo na jibu vilikuwa mahali hapo. Jukwaa ambapo mwenye cheo huketi mbele kama mgeni, naye hawezi kusemwa wala kujibu, haliwezi kuifanya kazi hiyo.

Hitimisho

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Washairi wanaweza kualikwa wawili wawili, kutoka pande mbili, wakapewa siku kadhaa za kujibizana badala ya dakika chache za kughani. Waghani wa Kiamu wanaweza kuachwa na Kiamu chao, na mgeni akapewa maelezo kando. Wasikilizaji wanaweza kurudishiwa haki ya kutuza. Kwa upande wa wasomi, wajibu ni mzito zaidi: anayekusanya mashairi ya sherehe asirudi na maneno ya mshairi tu, bali na habari ya aliyesemwa, ya aliyejibu, na ya aliyeinuka kutuza, kama Mwalimu Sikujua alivyofanya katika karne ya 19 kwa kalamu na karatasi. Bila habari hizo maktaba za vyuo zitajaa tungo zenye vina timamu, na atakayezisoma baada ya miaka 50 hatajua zilikuwa zikimwambia nani.