Pongezi kwa Msondo

Hapa Babati, njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida, jazi hatukuisubiri kutoka New Orleans. Ilitufikia redioni, jina lake NUTA Jazz. Bendi hiyo ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi: vyombo mali ya chama, wanamuziki waajiriwa wenye mshahara. Chama kilipobadili jina, nayo ikabadili: Juwata, kisha OTTU, leo Msondo Ngoma.

Wajuzi watasema hiyo si jazi, ni rumba. Waseme. Mimi nasikiliza kazi: gitaa la rithimu linashona, solo linamjibu mwimbaji, besi haina papara. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki 2014, anaimba kama mjomba anayeonya kwa upole. Ghafla wimbo unaingia kwenye chemko. Tarumbeta na saksafoni zinapiga kwa pamoja, na hata mzee aliyekuja kula nyama choma tu anasukuma kiti nyuma.

Bolero, chachacha, rumba, vyote usiku mmoja. Pongezi zangu za kwanza ni kwa wapuliza tarumbeta. Siku hizi bendi nyingi zinawabana pumzi kwa kinanda, eti kupunguza gharama.