Chumba cha Milimita 44

Toa lenzi ya Canon EOS 1100D uchungulie ndani. Utaona chumba kidogo cheusi, na kioo kimelazwa mshazari. Nyuma ya kioo ipo shata, na nyuma ya shata ndiko iliko sensa. Kutoka kwenye duara la chuma ambapo lenzi hujifungia mpaka usoni pa sensa ni milimita 44, kipimo ambacho Canon walikiweka mwaka 1987 walipoanzisha mfumo wa EOS, na kamera zao zote za kioo za ukoo huo zimekifuata. Sasa chukua Sony RX100, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 2012, uilaze mezani ikiwa imezimwa. Unene wake wote, lenzi ikiwa imejikunja ndani, ni kama milimita 36. Kamera nzima, pamoja na betri, skrini na fleshi, ni nyembamba kuliko uwazi mtupu uliomo tumboni mwa mwenzake.

Mpwa wangu alizikuta zote mbili kwa muuzaji wa kamera za mitumba, bei zikikaribiana, akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Hii ndogo ina megapikseli 20, hii kubwa ina 12. Sasa kubwa ni ya nini?"

Hata zilipokuwa mpya hazikupishana sana. Marekani, 1100D pamoja na lenzi ya boksi, yaani ile ya milimita 18 hadi 55 inayokuja na kamera, ilianza kwa karibu dola 600 mwaka 2011. RX100 ilikuja mwaka uliofuata kwa dola 650. Nilimwomba muuzaji aniazime zote kwa siku chache, nikaacha dhamana, nikapanda boti kwenda Unguja nazo. Nilitaka kuzijaribu Forodhani, kwa sababu pale ndani ya saa mbili unapata jua la usoni, watoto wanaoruka, giza, taa kali na moshi. Ukitaka kuitesa kamera, huna haja ya kwenda mbali.

Megapikseli nitazimaliza haraka. Hizo ni idadi ya vigae, hazikwambii ukubwa wa sakafu. Sensa (sizungumzii ile ya watu na makazi, ingawa RX100 ilitoka mwaka uleule tuliohesabiwa) ya 1100D ina milimita 22.2 kwa 14.7. Ya RX100 ina 13.2 kwa 8.8. Ukizidisha, kubwa ina eneo la karibu mara tatu ya ndogo. Lakini kamera nyingi za mfukoni za zama zile zilikuwa na sensa ya milimita za mraba kama 28 tu, na RX100 ina 116. Ndiyo maana nimeichagua hii. Kushindanisha kamera ya kioo na zile nyingine ni kumpiga mtoto.

Watu wengi husimama hapo: sensa kubwa, picha nzuri, tumemaliza. Hawaulizi mwanga umeingilia wapi.

Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, gawanya kwa ile namba ya f iliyoandikwa mbele yake. Jibu ni kipenyo cha tundu kwa milimita. RX100 ikiwa imefunguliwa pana kabisa ni 10.4 kugawanya kwa 1.8, sawa na 5.8. Lenzi ya boksi ya Canon ikiwa pana kabisa ni 18 kugawanya kwa 3.5, sawa na 5.1. Hapo zote mbili zinaona upana unaokaribia kuwa sawa, kama lenzi ya milimita 28 kwenye kamera za zamani za filamu. Kwa mandhari ileile, basi, tundu la kamera ya mfukoni ndilo kubwa, na kwa kuwa mwanga hufuata eneo la tundu, ndogo inaingiza kama robo zaidi. Yule mwenye sakafu kubwa ana mlango mwembamba.

Ukivuta mpaka mwisho mambo yanageuka: RX100 inabaki na tundu la milimita 7.6, Canon ina 9.8. Hapo kubwa inaongoza, ingawa si kwa umbali ambao mtu angeutarajia kutokana na uzito wake. Na uzito wenyewe ni huu: gramu 240 kwa ile ya mfukoni, gramu 695 kwa 1100D na lenzi yake ya boksi. Kipenyo hichohicho pia ndicho kinachotawala jinsi vitu vya nyuma vinavyofifia. Wanaonunua kamera kubwa ili "nyuma pawe na ukungu" kama wanavyoona kwenye picha za maharusi, halafu wakabaki na lenzi ya boksi, wanalalamika kwamba wameuziwa kamera mbovu. Kamera ni nzima. Tundu ni la punje ya mbaazi.

Hiyo ni hesabu. Forodhani ilinionyesha mengine.

Kabla ya magharibi vijana hukimbia kwenye sakafu ya mawe na kujirusha baharini kutoka ukutani, wengine kichwa chini, wengine wakijikunja hewani. Jua linazama mbele yako, upande wa bahari. Hapa 1100D ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Kioo kile cha mshazari hupeleka mwanga juu, ukapita vioo vingine mpaka jichoni, kwa hiyo unachokiona ni kijana mwenyewe, si picha yake kwenye skrini. Wakati huohuo sehemu ya mwanga hupenya katikati ya kioo na kushushwa chini kwenye kihisio cha fokasi, ambacho hutambua mara moja kama lenzi inatakiwa isogee mbele au nyuma, na kwa kiasi gani. Ile ya mfukoni haina kitu hicho. Inapapasa: inasogeza lenzi, inalinganisha, inapitiliza, inarudi, kama mtu anayetafuta swichi ukutani gizani. Mchana hufanya hivyo upesi mno hata usigundue. Jua likiwa usoni, na skrini imejaa mng'ao wa bahari, nilipata picha tatu nzuri sana za mapovu.

Nilipoacha kuilaumu nikaipata dawa. Vijana wote wanaruka kutoka ukingo uleule, kwa hiyo umbali haubadiliki. Nilielekeza kamera kwenye jiwe la ukingo, nikabonyeza kitufe nusu ili fokasi ijifunge, nikasubiri. Ukiiweka RX100 kwenye mtindo wake wa kasi hupiga picha 10 kwa sekunde, fokasi na mwanga vikibaki kama ilivyovipima kwenye picha ya kwanza, na hicho ndicho nilichokitaka. Canon hupiga 3 kwa sekunde. Mfululizo bora wa jioni ile, kijana kajikunja kama kamba huku matone yakimfuata, umetoka kwenye kamera ya mfukoni. Lakini ningekuwa namfuata mtoto anayekimbia kuja kwangu, dawa hiyo isingefanya kazi.

Giza likaingia, majiko yakawaka. Nilisimama kwa muuza mishikaki mmoja mwenye kofia ya kiua na taa moja kali juu ya kichwa chake. Kwa RX100, pana kabisa, f/1.8, ISO (yaani usikivu wa sensa kwa mwanga) 1600, kasi ya 1/60 ya sekunde, uso ulitoka na mikono ikatulia. Nikachukua Canon na lenzi ya boksi. Kwa f/3.5, ili nibaki na kasi ileile, nililazimika kupandisha ISO karibu mara nne, mpaka 6400, na hapo ndipo kamera yenyewe inapoishia. Picha ilijaa chenga. Nilipojaribu 1/15 kwa ISO 1600, ule ufundi wa lenzi wa kuzuia mtikisiko ulifanya kazi yake: meza, taa na sinia vilikaa imara. Mikono inayogeuza vijiti ilikuwa moshi mtupu, maana kifaa hicho hutuliza mkono wa mpiga picha. Wa mchoma nyama hakiuhusu.

Kuna jambo jingine nililiona hapo, na kwa wapiga picha wa kwetu nadhani ni kubwa kuliko chenga. Vipima mwanga vya kamera hizi vimefundishwa kuamini kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Weka mtu mweusi chini ya taa kali, kamera itaitii taa, uso utabaki giza. Mvishe bwana harusi kanzu nyeupe, itaifanya kanzu kuwa ya vumbi na bwana harusi hatajulikana ni nani. Zote mbili zilikosea vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kwenye RX100 nilikuwa naliona kosa kwenye skrini kabla ya kupiga, nikazungusha kidogo, uso ukafunguka mbele ya macho yangu. Kwenye kitundu cha kuchungulia cha 1100D unaona dunia kama ilivyo, ikiwa nzuri kabisa, na kosa unalikuta baadaye. Unaweza kuinua kioo na kutumia skrini, lakini ukifanya hivyo umekwishakipoteza kile kihisio cha fokasi cha haraka, na kamera inaanza kupapasa kuliko hata ile ndogo.

Nilipoinua Canon mara ya pili, muuza mishikaki alisimamisha kazi.

"Hiyo ya gazeti gani, sheikh?"

Nikamweleza. Akacheka, akanyoosha kofia, akasimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti, na hakurudi tena kuwa mchoma nyama mpaka nilipoirudisha kamera begini. RX100 alikuwa ameiona nusu saa nzima bila kuitilia maanani. Ruhusa nilikuwa nimemwomba tangu mwanzo, kwa kamera zote mbili. Kilichobadilika ni uso wake.

Mengine niyapitie mbiombio. Betri: kwa vipimo vya watengenezaji, Canon hufikisha picha kama 700, Sony 330, kwani skrini hula umeme na kitundu cha vioo hakili chochote. Kwa anayepiga harusi kuanzia kupambwa hadi kutoka ukumbini, hiyo si tofauti ndogo. Fleshi: shata ya RX100 imo ndani ya lenzi, kwa hiyo fleshi yake hukubaliana na kasi mpaka 1/2000, wakati 1100D huishia 1/200. Adhuhuri, mtu akiwa mita moja mbele yako na kivuli cha mtandio usoni, kifleshi kile kidogo kinakifuta bila kuunguza mbingu. Akisogea mita nne hakifui dafu. Vumbi nalo lina hila zake kwa kila upande. Kamera yangu ya kwanza ya mfukoni, ambayo chapa yake haina umuhimu hapa, ilimeza mchanga ufukweni na lenzi ikagoma kurudi ndani. Fundi aliifungua, akaifunga, akanirudishia pamoja na skrubu mbili zilizobaki. Kamera ya kioo unaibadilisha lenzi, vumbi linaingia, na 1100D haina mtambo wa kuitikisa sensa. Ukipiga mbingu utaona madoa.

Sasa turudi kwenye chumba cha milimita 44, maana kwa kuwa kipimo hicho hakikubadilika, kamera hii huvaa hata lenzi ya zamani. Siku ya pili niliazima lenzi nyingine ya Canon, ile ya milimita 50 yenye f/1.8 iliyotoka mwaka 1990, plastiki tupu, gramu 130, sauti yake ikitafuta fokasi ni ya nyigu chupani. Gawanya 50 kwa 1.8. Tundu ni milimita 27.8, karibu upana wa kizibo cha soda. Ukililinganisha na lile la RX100 iliyovutwa mpaka mwisho, mwanga unaoingia ni zaidi ya mara kumi. Nilirudi kwa muuza mishikaki usiku, nikaweka f/2, ISO 800, 1/125. Kila unywele wa ndevu ulionekana, na majiko ya nyuma yake yakawa miduara ya dhahabu. Hakuna namna ya kuifanya RX100 itoe picha ile, maana lenzi yake haitoki.

Lakini lenzi hiyo kwenye sensa ya 1100D inaona finyu, kama ya milimita 80. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, mpaka mgongo ukagota kwenye meza ya muuza juisi ya miwa. Na kwa kuwa kitundu cha 1100D kinaonyesha asilimia 95 tu ya picha itakayotoka, sikuliona gilasi la juisi pembeni, na vidole vinne vya mtu nisiyemjua.

Nikampigia mpwa. Nikamwambia kama hana mpango wa lenzi ya pili, achukue ndogo bila kuangalia nyuma; kubwa bila lenzi ya pili ni begi zito. Kama ataweka akiba ya ile ya milimita 50, achukue kubwa.

"Mjomba," akasema, "nikiingia ukumbini na hiyo ndogo, nani atanipa kazi? Watadhani nimealikwa."

Sikuwa na hesabu ya kumjibu. Alichukua 1100D, na keshapata maulidi mawili na harusi moja. Lenzi ya milimita 50 anasema ni mwezi ujao, na ameusema mwezi huo mara tatu sasa. Tundu lake bado ni milimita 5.1.