Dawa Isiyolevya: Mwanafunzi Mkeshaji wa Kariobangi na Kimya cha Fasihi ya Shule

Haiwezi kusemwa kwamba fasihi ya Kiswahili inayosomwa katika shule za sekondari za Kenya imenyamaza juu ya dawa za kulevya. Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei na mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, vilitahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, na vyote viwili vinaligusa jambo hilo. Hata hivyo yuko mhusika mmoja asiyepatikana humo: mwanafunzi mwenye bidii, kipenzi cha walimu na tegemeo la wazazi, ambaye hutumia kichangamshi kwa kuwa anaitaka mno shule, wala si kwa kuwa ameiacha. Makala haya yanashikilia kwamba kukosekana kwake kunatokana na mambo mawili: msamiati uliorithiwa, na mazoea ya kugawa wahusika makundi mawili, wema na wabaya.

Kwanza yafaa kumwona mwanafunzi huyo mahali anapoishi. Kariobangi, katika upande wa mashariki wa Nairobi, ni mtaa ulioanza kujengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Familia nyingi hukaa katika chumba kimoja cha kupanga. Mchana karakana hugonga mabati na vyuma. Jioni matatu hupiga honi na muziki kando ya Barabara ya Outering. Na chumbani redio, mtoto mchanga, mapishi na wageni vyote hugombea nafasi ileile. Utulivu wa kusoma huja usiku wa manane, watu wote wakisha kulala. Kwa hiyo kukesha si pupa ya mwanafunzi wa Kariobangi peke yake. Kukesha ndiko kumkodishiako chumba cha kusomea.

Kinachomsaidia kukesha hakiko mbali. Miraa huvunwa katika vilima vya Nyambene, Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba na kuteremshwa Nairobi kwa magari yaendayo mbio. Mbio hizo zina sababu ya kikemia. Kathinoni, kiini chake kikuu kilichotambuliwa mwaka 1975, huanza kupungua nguvu mara tu jani linapochumwa, na baada ya siku mbili hivi huwa imepotea kwa kiasi kikubwa. Muguka wa Embu hufuata njia hiyohiyo, na bei yake ni nafuu zaidi. Kathinoni ni jamaa ya amfetamini: hufukuza usingizi na njaa, huongeza mapigo ya moyo, kisha humwacha mtu amechoka na kunyong'onyea. Jambo lenyewe si geni wala si la Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1937 ilijulikana kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wakimeza vidonge vya amfetamini ili wakeshe wakijiandaa kwa mitihani.

Sasa na yatazamwe maneno. Kiswahili rasmi kina majina mawili makuu ya vitu hivi: dawa za kulevya na mihadarati. Kulevya ni kumfanya mtu alewe, yaani apoteze fahamu zake za kawaida. Mihadarati imetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufa ganzi. Majina yote mawili basi yanazungumzia kupumbaa, kulegea na kusinzia. Mwanafunzi anayetafuna muguka saa nane za usiku, daftari la hesabu likiwa mapajani, anatafuta kinyume cha hayo yote. Anataka akili iliyo macho. Anapoelezwa darasani kwamba dawa za kulevya huharibu akili, hukubali kwa moyo mweupe, na wala hadhani kwamba anazungumziwa yeye. Onyo limempita si kwa ukaidi wake, bali kwa sababu neno halikumlenga.

Lugha ya mtaani imekuwa sahihi zaidi katika hili. Vijana wa Eastlands husema jaba, veve au gomba kwa miraa yenyewe, na handasi kwa ile hali ya uchangamfu inayomwingia mtafunaji. Handasi haisemi ulevi. Tena umbo lake halitofautiani na handasi ya kamusi, yaani elimu ya uhandisi. Iwe ni asili moja au mgongano wa sauti tu, anayelisikia neno hilo husikia kazi na ustadi, si kulegea. Hapa ndipo hatari yake ilipo: limeeleza vyema saa za mwanzo, likanyamaza juu ya saa zinazofuata. Lugha rasmi inataja madhara na kukosea hisia. Lugha ya mtaani inataja hisia na kusahau madhara.

Sheria nazo zimezidisha utata. Tanzania iliiweka mirungi miongoni mwa dawa zilizokatazwa katika sheria yake ya mwaka 2015; Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014; Kenya, kwa upande wake, iliitambua miraa kisheria kuwa zao la biashara mwaka 2016. Mwanafunzi wa Kariobangi ana haki ya kuuliza ni vipi kitu kimoja kiwe mihadarati upande huu wa mpaka na riziki upande wa pili.

Ikirejewa fasihi, picha inakuwa wazi. Katika Chozi la Heri, Dick anatenganishwa na nduguze na kutumiwa na tajiri katika biashara ya dawa za kulevya. Ni mtoto aliyedhulumiwa, na biashara hiyo ni uovu wa watu wazima. Katika hadithi ya “Mkubwa” ya Ali Mwalimu Rashid dawa ni bidhaa tena, ngazi ya kupandia kwenye mali na cheo. Katika “Mtihani wa Maisha” ya Eunice Kimaliro, Samueli anaanguka mtihani, na aibu mbele ya wazazi inamsukuma kutaka kujitosa majini. Hadithi hizi mbili zimo katika jalada moja, lakini hazikutani. Mtihani uko kwake na dawa iko kwake. Mtunzi anayemwonyesha mwanafunzi aliyebanwa na mtihani hampi jani la kutafuna. Naye anayeonyesha dawa hamwoni mtahiniwa.

Hadithi iliyokaribia zaidi ni “Shogake Dada ana Ndevu” ya Chokocho, ijapokuwa haihusu dawa hata kidogo. Humo wazazi wanamwamini Safia kwa kuwa anasoma. Kitabu kinakuwa pazia, na nyuma ya pazia mambo yanaharibika hadi mauti. Chokocho ameona jambo ambalo wengi hawakuliona: kwamba neno “anasoma” hufunga macho ya mzazi. Lakini kusoma kwa Safia ni kwa uongo. Mkeshaji wa Kariobangi anasoma kwa kweli, na kwa hiyo pazia lake ni zito zaidi.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kitabu cha shule, ambacho lazima kiidhinishwe na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, hakiwezi kumwonyesha mtoto mwema akitafuna miraa na kufaulu, kwani huko kutakuwa kuitangaza. Hoja hii ina uzito, na si ya kubezwa. Lakini inachukulia kwamba msomaji hana habari, ilhali kibanda cha muguka kinaweza kuwa mita chache tu kutoka mlangoni pake. Aidha, ukweli wenyewe si tangazo. Usingizi ni sehemu ya kujifunza, kwa kuwa ndio unaoyatuliza akilini yale yaliyosomwa. Anayeukopa leo huulipa kwa riba katika chumba cha mtihani. Mtunzi hodari anaweza kuionyesha hesabu hiyo bila mahubiri, na bila kumgeuza mhusika wake jambazi ili tu astahili kuadhibiwa.

Kazi ya walimu wa lugha inaweza kuanza kabla ya riwaya hiyo kuandikwa. Neno vichangamshi linafaa kuwekwa darasani kando ya dawa za kulevya, si badala yake, ili mwanafunzi ajue kwamba kuna madhara yasiyokuja kwa sura ya ulevi. Kwa watunzi, chumba kile kimoja cha Kariobangi, taa ikiwaka peke yake saa nane za usiku, bado kinangoja kuandikwa: mama amelala akiwa na fahari, mtoto yu macho, na hakuna hata mmoja wao anayedhani kwamba kuna jambo la kusemwa.