OpenSees kwenye viini vinne: programu nzuri, ukimya mbaya

Ukiingia Moshi mjini kutoka njia ya Marangu, utaona majengo mengi ya aina moja: chini maduka yenye milango mipana, juu ghorofa mbili tatu za kuta za tofali. Kwa sisi tunaosomea matetemeko, jengo la namna hiyo linakosesha usingizi kidogo. Juu limekazwa na kuta, chini limeachwa wazi kwa ajili ya biashara, kwa hiyo ardhi ikitikisika nguzo za dukani ndizo zitakazopinda. Na ardhi yetu hutikisika. Julai 17, 2007 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitokea karibu na mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, likasikika hadi Nairobi. Septemba 10, 2016 jingine la kipimo hichohicho liliua watu 17 Kagera.

Basi nilichukua jengo moja la aina hiyo, la ghorofa nne, pamoja na udongo wa chini yake, nikalijenga upya ndani ya OpenSees. Kama hujawahi kuisikia, ni programu ya bure iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na watafiti wa matetemeko wanaitumia katika nchi nyingi. Unaiandikia nguzo, boriti, zege na nondo, unaipa rekodi ya tetemeko, nayo inakokotoa jengo linavyoyumba hatua kwa hatua, kila hatua kipande kidogo cha sekunde. Leo nataka kuisema, kwa wema na kwa ubaya, hasa upande wake wa ukokotoaji sambamba, yaani kugawa kazi moja kwa viini kadhaa vya kompyuta.

Wema ni mwingi. Hulipi leseni, na msimbo wake uko wazi, ukitaka kujua inafanya nini unafungua na kusoma. Usambamba nao haukubandikwa baadaye kama kiraka: Frank McKenna, aliyeianzisha, aliuweka kwenye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1997. Kuna matoleo mawili. OpenSeesSP inasoma maelezo yako mara moja, kisha yenyewe inaligawa jengo. OpenSeesMP inampa kila mfanyakazi (naita hivyo kila nakala ya programu inayoendeshwa) maelezo yote, halafu wewe ndiye unayeamua nani afanye nini. Nilichagua MP kwa sababu nilitaka uhuru. Aisee, niliupata.

Unapoligawa jengo, kuna viungo vinavyobaki mpakani, na wafanyakazi wawili wote wanavijua. Kila kiungo kina uzito wake. (Mwalimu wa fizikia angetaka niseme tungamo. Atanisamehe.) Mimi niliandika uzito wa viungo vya mpakani kwa wafanyakazi wote wawili, nikidhani programu itaelewa kwamba ni kitu kilekile kimetajwa mara mbili. Kumbe inajumlisha. Jengo langu likawa na sakafu moja nzito mara mbili ya ile halisi, na hakuna onyo hata moja lililotokea kwenye skrini. Kazi ilikwisha vizuri kabisa, grafu zikachoreka, nguzo za dukani zikaonekana kupinda kuliko kawaida.

Kibaya zaidi, nilikuwa na kisingizio tayari. Kompyuta ikijumlisha namba zenye desimali kwa mpangilio tofauti, tarakimu za mwisho hubadilika kidogo, na hilo ni la kawaida kwenye kazi sambamba. Kwa hiyo nilipoona majibu ya viini vinne hayalingani na ya kiini kimoja, nikasema ni desimali tu. Desimali gani hizo zinazobadilisha tarakimu ya pili? Sikujiuliza.

Nilichokuja kufanya baadaye kingechukua nusu saa tangu mwanzo. Niliweka uzito mmoja juu ya nguzo mbili, nguzo moja kwa kila mfanyakazi, nikauvuta pembeni, nikauachia, nikapima muda wa bembeo moja. Uzito ukihesabiwa mara mbili bila nguzo kuongezeka, muda huo lazima urefuke mara 1.41, yaani kipeo cha pili cha mbili. Ukarefuka hivyohivyo. Ukifanya kazi ya namna hii, anza na kitu unachoweza kukikokotoa kwa kalamu.

Je, lawama ni ya programu? Nusu. Kuna mfano wa kenchi ndogo ya vyuma unaotumika kufundishia MP, na ndani yake mzigo wa kiungo cha mpakani umeandikwa kwa mfanyakazi mmoja tu. Niliunakili bila kuona kwamba hapo ndipo penye somo. Lakini programu inayojua kuunganisha hesabu za kiungo kimoja kutoka kwa wafanyakazi wawili ingeweza pia kuchapisha mstari mmoja: kiungo hiki kimepewa uzito mara mbili, je, umekusudia? Jumla ya uzito wa jengo zima ingetosha pia. Mhandisi yeyote akiona jengo limeongezeka tani 200 atashtuka.

Kosa la pili lilivuta upande wa pili, na hilo linaniogopesha zaidi. Safari hii sikuligawa jengo. Kila mfanyakazi alipewa jengo zima na matetemeko yake, ayaongeze ukali kidogo kidogo mpaka lianguke, kwa njia ambayo Vamvatsikos na Cornell waliieleza mwaka 2002. Karibu na kuanguka, hesabu huwa haitulii. Programu inajaribu, inajaribu tena, inakata tamaa. Mfanyakazi mmoja wangu akakwama hapo na kutoka, na mimi nilikuwa nimeweka amri kwamba wote wasubiriane kila hatua. Wakasubiri. Aliyekulia Kibosho au Uru anaijua hali hii: mfongo una zamu, mwenye zamu amefunga maji kuelekea kihamba chake kisha akalala, walio chini wanangoja na majembe yao mpaka jioni. Kompyuta inaunguruma, feni inazunguka, hakuna kinachoendelea.

Baada ya usiku wa pili nikaua kazi yote, nikachukua majibu yaliyokamilika, nikapiga wastani. Sasa fikiri: ni majibu gani ambayo hayakukamilika? Ni yale ya matetemeko makali, pale jengo lilipokuwa linaelekea chini. Nilikuwa nimepiga wastani wa waliopona peke yao. Jengo likapendeza kweli.

Ukisoma kazi za wanafunzi, zangu zikiwemo, utakuta tunajisifu kwa kasi: viini vinne, kazi imeharakishwa karibu mara tatu. Hiyo wala si ajabu. Gene Amdahl alishaonyesha mwaka 1967 kwamba sehemu isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo, na kama asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, viini vinne havikupi zaidi ya mara 3.1. Tunachokosa kuandika ni rekodi ngapi zilishindwa, zilishindwa kwa ukali gani, na tulizifanya nini. Msimamizi wangu hakuniuliza. Mimi pia sikuwa nimeandika.

Nimeanza upya. Uzito wa mpakani uko kwa mfanyakazi mmoja, na jumla ya uzito inachapishwa kabla ya hesabu kuanza. Amri ya kusubiriana nimeiondoa, kwa kuwa kila tetemeko linajitegemea. Kila mfanyakazi anaandika faili lake, na hesabu isipotulia anapunguza hatua, anabadili njia, na akishindwa kabisa anaacha mstari unaosema wapi na lini. Kisha naipitia mwenyewe, moja moja, kuamua kama lililoanguka ni jengo au ni hesabu tu.

Mwenye jengo ameshauliza mara mbili kama litasimama. Ana duka la vifaa vya umeme pale chini na wapangaji juu. Nimemwomba asubiri, rekodi 11 bado hazijapitiwa.