Mkono Upi Unaoulizwa? Uhakiki wa Hojaji za DASH na Michigan katika Upasuaji wa Mkono

Kwa muda mrefu upasuaji wa mkono ulijipima kwa vyombo vya daktari: nguvu ya kushika, nyuzi za mkunjo wa vidole, picha ya eksirei. Tangu miaka ya 1990 imekubalika kwamba mgonjwa naye ana ushahidi wa kutoa, na hojaji nyingi zimetungwa ili kuupokea. Makala hii inahakiki mbili zinazotumika sana: DASH, iliyochapishwa mwaka 1996 kutokana na ushirikiano wa watafiti wa Toronto na madaktari wa mifupa wa Marekani, na hojaji ya Michigan, iliyochapishwa na Kevin Chung na wenzake mwaka 1998. Wahakiki wengi hulinganisha uthabiti wa alama zake. Mimi nauliza jambo la awali zaidi: ni ipi inayomsikia mgonjwa anayejieleza kwa Kiswahili?

DASH ina maswali 30 yenye majibu ya ngazi tano. Inauchukulia mkono wote, tangu begani hadi ncha za vidole, kuwa kitu kimoja, na inamwelekeza mgonjwa ajibu kwa kadiri anavyoweza kutenda jambo, bila kujali ametumia mkono upi. Michigan ina maswali 37 katika nyanja sita, ikiwemo sura ya mkono na kuridhika kwa mgonjwa, na sehemu yake kubwa huuliza juu ya mkono wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake.

Kwa upande wa lugha, Kiswahili kinaipendelea DASH. Neno letu “mkono” halitenganishi kile ambacho Kiingereza hukipa majina mawili. Mtu aliyevunjika juu ya kisukusuku na aliyekatwa kano za kidole wote husema wameumia mkono. Mfasiri wa Michigan hana raha hiyo. Akiandika “mkono”, mgonjwa atajibu pia kwa niaba ya bega. Akiandika “kiganja”, vidole vinaachwa nje. Akitaka kutaja kifundo kwa neno “kiwiko”, atakuta kwamba wako wanaolielewa hivyo na wako ambao kwao ndilo jina la kisukusuku. Hapana budi aeleze kwa maneno mengi, au atumie mchoro, ambao nauona kuwa suluhisho la kweli zaidi.

Lakini maisha yanaipendelea Michigan. Mkono wa kulia, kama jina lenyewe lisemavyo, ni mkono wa kulia chakula. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, na mbali zaidi bara, ndio unaopokea, unaotoa na unaosalimu. Fundi aliyepoteza mshiko wa mkono huo akajizoeza kutenda kwa kushoto anaweza kupata katika maswali ya matendo ya DASH alama ya mtu asiye na ugumu, kwa kuwa tendo linatimia. Kwamba sasa hula peke yake, mbali na sinia, hakuonekani popote katika hesabu ya matendo hayo. DASH ina swali la jumla kuhusu maingiliano na jamaa na majirani, nalo halitoshi kuonyesha chanzo. Michigan, kwa kutenganisha kulia na kushoto, walau huacha alama ya upotevu huo.

Kasoro nyingine ya DASH imo katika kanuni yake ya kukokotoa. Alama haihesabiwi iwapo majibu yamepungua 27. Hojaji yenyewe inataja gofu, tenisi na kubadilisha balbu iliyo juu ya kichwa, na inauliza kuhusu tendo la ndoa, swali ambalo mama mtu mzima hatalijibu mbele ya muuguzi wa umri wa mwanawe. Maswali manne yakiachwa wazi, mgonjwa huyo anatoweka katika takwimu. QuickDASH ya mwaka 2005, yenye maswali 11, imeliacha swali la faragha lakini imebaki na gofu na tenisi, nayo inavumilia pengo moja tu. Ufupi wake, unaowavutia wapangaji wa bajeti, umenunuliwa kwa bei hiyo.

Sidai kwamba Michigan haina lawama. Ni ndefu, na kuisoma kwa sauti kwa asiyejua kusoma kunachosha pande zote mbili. Swali lake la kula kwa kisu na uma linahitaji kubadilishwa, si kutafsiriwa tu. Maswali ya kuridhika, yakiulizwa na aliyemtibu mgonjwa, yatajibiwa kwa adabu ileile inayotufanya tuseme “sijambo” tukiwa na homa. Muulizaji asiwe wa wodi hiyo.

Washauri wa sera wanaotaka kujumlisha takwimu za hospitali kadhaa waangalie pia mwelekeo wa alama. Katika DASH 100 ni ulemavu mkubwa kabisa. Katika Michigan 100 ni hali bora, isipokuwa katika maumivu, ambako ni kinyume. Kwa majeraha ya bega na ya neva za mkono mzima, DASH ibaki. Kwa vidole, kano na makovu ya moto yaliyokunja kiganja, ningeanza na Michigan, na fedha za kwanza ningezitumia kwa mchoro wa mkono na kwa kuwasikiliza wagonjwa wakieleza walivyolielewa kila swali, kabla alama yoyote haijakokotolewa.